Nitamalizia Nikirudi

Jumapili, 14 Januari 2024

Mpwa wangu Dodosa,

Wiki hii nimetimiza miaka ishirini na tisa na miezi mitatu tangu nifunge sanduku langu kwa kamba ya katani nikatokea mlango wa nyuma. Nimehesabu kwa vidole, ingawa programu ya kuhesabu siku niliiandika mwenyewe na wewe ndiye unayeihangaikia.

Hamjambo? Mama yako hajambo? Magoti yake yanasemaje? Mimi mzima, ila jino moja limeniaga bila kutoa taarifa. Chumba changu ni kilekile, ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufulia nguo. Mashine zao zinatetemesha sakafu mchana kutwa, na kikombe kikiwa mezani chai inajichorea miduara. Niambie, fundi viatu wa pale kona bado anabana misumari mdomoni huku anasimulia?

Badiliko lako la Desemba nimelipata. Nimelisoma mara tatu. Hesabu ni sahihi, lakini barua uliyoambatanisha ina mistari miwili, na wa pili ni "Asante." Dodosa, utaratibu unaujua. Tarehe ndilo ghala mama la programu zetu. Linajua jambo moja tu: mtoto akizaliwa leo, sindano yake ijayo ni lini. Kadi, linalotunza kumbukumbu za watoto; Kaunta, ambalo wauguzi wanalitazama kwenye skrini; na Stoo, linalohesabu dawa, yote matatu yamepanda mgongoni mwake. Mgongo ukiyumba, wote chini. Ndiyo maana ufunguo wa Tarehe ninao mimi peke yangu, na ndiyo maana hakuna badiliko linaloingia humo bila barua. Barua iseme nini kimebadilika, kwa nini, na nani hapo nyumbani ana mafua. Ninyi vijana mnaandika "nimerekebisha" mkadhani mmeeleza. Umerekebisha nini, banda la kuku?

Andika upya, nitaliingiza. Mengine nitamalizia nikirudi.

Mjomba wako


Ijumaa, 2 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Mafua anayo jirani. Sisi wazima. Mama anakusalimu sana. Anasema usile vitu baridi kwa hilo jino, na nimemweleza kuwa jino lenyewe limeshaondoka, akasema basi usile vitu baridi kwa yaliyobaki. Kuhusu magoti anasema nikuambie yapo. Kona sasa ni duka la simu. Fundi viatu alihama nikiwa darasa la nne.

Sasa barua yenyewe, Mjomba, na hii ni ndefu, usinune.

Kuanzia tarehe mosi Julai ratiba ya sindano inabadilika. Dozi ya tatu inasogezwa mbele wiki mbili, katika vituo vyote sita. Nimeshaandaa Kadi, nimeandaa Kaunta, nimeandaa Stoo. Kila kitu kiko tayari kwenye matawi yake, zile nakala za kando za kufanyia kazi, kimepangwa kama wanafunzi mstarini, na wote wanasubiri badiliko moja la mistari tisa litakaloingia Tarehe. Haliwezi kuingia la nyuma kabla ya la mbele. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Mkuu wetu wa kitengo, yule tunayemwita Bwana Leoleo kwa sababu kila kitu anakitaka leo, alinisimamisha kwenye korido mbele ya watu.

"Huyo mjomba wako anaishi peponi? Mbona majibu yanashuka Jumapili tu?"

"Anasoma kwa makini, mkuu."

"Asome. Sisi nakala ya Tarehe tunayo, ina kila kitu tangu siku ya kwanza. Ikate, tuendelee kivyetu."

Kwa kazi ni kweli, Mjomba. Nakala yangu ni kamili kama yako. Lakini nikikata, kutakuwa na Tarehe mbili duniani, yako na yetu, na kila mwezi zitazidi kutofanana mpaka zisitambuane. Nimemwomba muda. Nipe ufunguo, tuushike wawili. Sikunyang'anyi.

Dodosa


Jumapili, 17 Machi 2024

Mpwa wangu,

Nimechelewa. Nilitaka kujibu mapema, nikajikuta kila Jumapili nasoma barua yako na kuirudisha kwenye bahasha. Ndiyo, ninazichapa na kuzitia bahasha. Cheka tu.

Marahaba. Mwambie mama yako meno yaliyobaki yametii. Usiniambie tena habari za kona.

Je, amewahi kukusimulia Tarehe lilivyoanza? Alikuwa muuguzi kijana kwenye kliniki ya watoto. Jioni alikuja na daftari la majina, akalifungua juu ya meza ya jikoni, akapanga njiti za kiberiti, kila njiti wiki moja, ahesabu mtoto yupi arudi lini. Siku hiyo nilipita kuchukua maji, kiwiko changu kikagusa meza, wiki kumi na nne za mtoto wa watu zikamwagika sakafuni. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akasema, "Kaka, wewe si ndiye mwenye kompyuta huko ofisini?" Mwisho wa wiki hiyo niliazima ile kompyuta. Iliingia nyumbani imefunikwa shuka kama maiti, majirani wakaja kutoa pole. Usiku wa pili ilihesabu mtoto mmoja sawasawa. Mama yako alirudia kwa njiti, njiti zikakubali, akapiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaamka.

Miaka ile nikiandika jambo, aliyelitumia alikuwa kiti cha pili kutoka kwangu. Akikosea nilimsikia akiguna.

Kuhusu ufunguo: nipe kidogo nifanye usafi. Mtu hakabidhi nyumba yenye utando wa buibui. Badiliko lako la mistari tisa ni zuri, litaingia baada ya usafi. Tena umeacha nafasi mbili mstari wa saba.

Hujanijibu kuhusu magoti.

Mjomba


Jumanne, 9 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Tuko wazima. Leo salamu ni hizo tu, unisamehe.

Jana Jumatatu saa mbili asubuhi vituo vyote sita vilifungua milango, skrini zikawa nyeupe. Mitambo yetu hujijenga upya kila mwisho wa wiki: Kadi linakwenda kwenye ghala lako, linaomba Tarehe kwa ile namba ya badiliko ambayo limefungwa kwayo, linaendelea. Safari hii liliomba, likajibiwa kwamba namba hiyo haipo. Kaunta likaomba, haipo. Stoo, haipo. Sikuamini. Nikaingia mwenyewe kutazama. Ghala lipo, hesabu zipo, mabadiliko yako yote yamo kwa mpangilio uleule, lakini namba zake zote ni ngeni, kuanzia mwaka 2007, ulipoliweka Tarehe kwenye ghala, hadi leo.

Mjomba, umeandika upya kumbukumbu za zamani. Wewe! Mtu uliyenifundisha kwamba namba inatokana na kila herufi iliyomo, maelezo pamoja, na kwamba ukigusa neno moja la zamani, namba hiyo na zote zilizofuata zinageuka. Uliniambia kumbukumbu ikishasukumwa kwa watu si yako tena. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaiandika ukutani.

Kituo cha kwanza kulikuwa na akina mama arobaini kwenye benchi. Muuguzi mkuu alinipigia simu, sauti nzuri kabisa:

"Mwanangu, hii kompyuta yenu leo imesahau kuzaliwa?"

"Nipe nusu saa, mama."

"Nusu saa ninayo. Watoto hawana. Nimeshachana boksi la glavu, naandika kwenye karatasi ngumu. Uje na peni, zangu zimekwisha."

Nilikwenda na peni. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimeyaelekeza maghala matatu kwenye nakala iliyo kwenye mashine yangu, skrini zikawaka. Hakuna mtoto aliyekosa sindano wala aliyepewa kabla ya siku yake. Hiyo ni kwa sababu ya glavu na muuguzi. Si kwa sababu yetu.

Bwana Leoleo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema: "Katikati ya Juni. Akupe ufunguo, au unakata."

Ulikuwa unasafisha nini?

Dodosa


Jumapili, 14 Aprili 2024

Dodosa,

Nimekosa. Sina neno jingine, na nikilitafuta litakuwa kisingizio. Mshukuru yule muuguzi kwa niaba yangu. Kama angali na ulimi ule, nadhani namjua, alikuwa mwanafunzi wa mama yako.

Maelezo yangu ya zamani yalikuwa na lugha mbovu, nikaona haya kukukabidhi vile. Niliyasahihisha. Nikasahau kwamba kuna watu wamefungwa kwenye namba zake. Hesabu sikuigusa hata mstari mmoja.

Hapa mvua inanyesha. Duka la kufulia limefungwa kwa matengenezo, sakafu imetulia, na nimegundua siwezi kulala bila ule mtetemo.

Magoti?

Mjomba


Ijumaa, 3 Mei 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kama unavyosoma wewe. Kisha nikafanya jambo ambalo pengine hukutaka lifanywe. Nililaza nakala yangu ya zamani kando ya ghala lako jipya, nikaiambia mashine inionyeshe tofauti.

Hukusahihisha lugha. Makosa yako ya mwaka 2009 bado yamo, hata lile neno uliloandika mara mbili. Ulichofuta ni sentensi moja, mahali kumi na moja. Nanukuu machache:

"Mtoto aliyezaliwa tarehe 29 Februari bado hana siku ya kutimiza mwaka. Nitamalizia nikirudi." Hiyo ni 2008.

"Majina ya miezi yapangwe upya, dada ana maoni. Nitamalizia nikirudi." 2011.

"Nimeziba kwa muda tu. Nitamalizia nikirudi, mwishoni mwa mwaka." 2016.

Ya mwisho ni ya mwaka jana.

Nilikaa kwenye kiti nikayasoma yote kumi na moja kwa sauti ndogo. Mwenzangu wa meza ya pili akauliza kama nasali.

Sasa nami nina jambo nililolifuta kwenye barua zangu. Umeuliza magoti mara tatu. Daktari alishasema tangu mwaka juzi, Mama asipande ngazi. Unaijua nyumba: chumba cha Mama kiko nyuma, vidato vinne vya ngazi na pa kushikia hakuna. Chumba cha mbele kiko sawa na ardhi, mlango mpana, choo hatua sita. Chumba cha mbele ni chako. Kitanda kimetandikwa. Vitabu vyako anavifuta vumbi kila Jumamosi, kimoja kimoja, na anavirudisha mahali pake kwa sababu, anasema, Kaka atajua vikihamishwa. Kila nikimwomba ahamie huko jibu ni lile lile: "Akirudi alale wapi, jikoni na sufuria?"

Jumamosi iliyopita alianguka kidato cha pili. Kifundo cha mkono kimeteguka, kimefungwa bandeji, na jicho la kushoto ni zambarau. Mfupa haukuvunjika. Amenikataza kukuandikia. "Usimharakishe," anasema. "Mtu mzima harudishwi kwa goti." Nimeandika.

Mjomba, utarudi lini sikuulizi. Kila mtu hapa nyumbani amekuuliza lini, nawe kila mara umejibu. Mimi nauliza kama utarudi.

Dodosa


Jumanne, 11 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Wiki tano na siku nne. Machi nilikusubiri zaidi, lakini si kwa roho hii. Mama hajambo, jicho limerudi rangi yake, mkono bado.

Jana jioni nimepata taarifa kutoka kwenye mashine: ufunguo wa Tarehe umeandikwa kwa jina langu. Nikafungua. Kumbukumbu za zamani zimerudi zote, namba kwa namba sawa na zetu, na sentensi zako kumi na moja zimo mahali pake. Mwishoni umeingiza ile mistari tisa yangu, na nafasi mbili za mstari wa saba umeziondoa. Barua hakuna. Miaka yote hii, badiliko la kwanza kuingia Tarehe bila barua umeliingiza wewe.

Leo asubuhi nimefuata foleni: Tarehe kwanza, nikalipatia namba ya toleo jipya. Kadi likafungwa kwenye toleo hilo, kisha Stoo, Kaunta mwisho. Majaribio yote yamepita. Bwana Leoleo amesema "Vizuri," neno ambalo hatujawahi kulisikia kinywani mwake, tukatazamana kama tumesikia paka akihubiri.

Nilidhani nitafurahi. Nimefungua ghala, nimelifunga. Nimelifungua tena.

Mama anauliza kila jioni kama umeandika. Jana nikamwambia barua itakuwa imekwama posta. Anajua barua zako hazipiti posta. Bado analala nyuma. Kila usiku nasikia anapanda, kidato, anapumzika, kidato.

Swali langu liko palepale.

Dodosa


Jumapili, 16 Juni 2024

Mwanangu Dodosa, na dada yangu, maana hii utaisoma ukiwa umekaa naye, mahali asipopanda kidato kupafikia.

Salamu nyingi. Pole dada, kwa mkono na kwa jicho. Mimi mzima. Duka la kufulia limefunguliwa tena.

Ufunguo niliutoa kwanza kwa sababu ulikuwa rahisi. Nilikuwa nimeushika miaka kumi na saba nikisema ni kwa ajili ya usalama wa mgongo, na ni kweli mgongo unataka mtu mmoja makini. Lakini makini alikuwepo tangu siku nyingi, naye ni wewe. Niliushika kwa sababu aliyetaka kitu Tarehe ilimbidi aniandikie, na akiniandikia ilimbidi aniambie nani ana mafua. Niliogopa siku hakuna atakayehitaji kitu kwangu. Ndiyo hivyo. Mtu wa miaka sabini na moja kuandika maneno haya anaona haya, lakini bora haya kuliko uongo.

Umeniuliza kama nitarudi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, nami sikuwahi kujiuliza. Sababu iliyoniondoa mnaijua. Imekwisha miaka mingi, hata wakubwa waliotufukuza nchini mimi na wenzangu sasa ni wazee wanaolalamika magoti. Hainizuii tena. Mara mbili nimefika kiwanja cha ndege, mkoba begani, mara ya kwanza 2004, ya pili 2016. Mara ya pili nilikaa kwenye viti vile vya chuma mpaka wakaita jina langu kwenye kipaza sauti, wakalikosea, wakaliita tena. Nikanyanyuka, nikapanda basi la kurudi mjini, nikapika uji. Wiki ile ile nikaandika kwenye Tarehe kwamba nitamalizia mwishoni mwa mwaka. Nilipoandika niliamini. Hilo ndilo baya lake, niliamini kila mara.

Nyumba ninayoikumbuka ina njiti za kiberiti mezani na dada yangu kijana anaguna kiti cha pili. Nikija hapo sasa nitakuwa mgeni anayeuliza kila kitu kimekwenda wapi, nanyi mtakuwa mnanijibu kwa upole, asubuhi mpaka jioni. Nimeijaribu hali hiyo kwenye barua, kwa fundi viatu mmoja tu, na nikakasirika wiki nzima. Hapa nilipo najua mwenye duka akikohoa ni saa ngapi. Sikupachagua, lakini nimepazoea, na kuzoea kwa umri huu ni nusu ya afya.

Ya 29 Februari nimeimaliza, kutoka hapahapa, kwenye meza hii inayotetemeka. Ilinichukua siku mbili. Iko kwenye tawi lake, inakungoja uipitie. Isome mara tatu, na usiiingize kwa sababu ni yangu. Zile nyingine kumi zipange unavyoona, unitume mimi kama nilivyokutuma wewe: nitaleta badiliko na barua. Ukinikatalia, kataa kwa barua ndefu.

Sasa chumba. Vitabu wape wanaovisoma, vingine fungia boksi. Kitanda changu kilikuwa kifupi hata kwangu. Leteni cha dada. Pigeni komeo la chini mlangoni, lile la juu halifiki kwa mkono mbovu. Ahamie Jumamosi hii, kabla hujaanza ile ratiba mpya na kukosa nafasi ya kumsaidia kubeba.

Dada, wewe hukunigombeza kwa zile wiki kumi na nne nilizomwaga, na najua hutanigombeza kwa hili, ndiyo maana imekuwa vigumu kulisema. Usinitandikie tena.

Mimi sitarudi.

Kaka yako